Sifa za Ritifaa

Wenye vipaji wamesifu simba, wamesifu majemedari, wamesifu hata wali wa nazi. Mimi fundi wa mifumo hapa Embu namsifu Mheshimiwa Ritifaa, kialama kisichozidi mbegu ya terere, kinachoning'inia kati ya herufi bila kugusa chini. Bila yeye ng'ombe ni ngombe, na ngombe hakamuliki.

Tulijuana rasmi nilipoandikia chama kimoja cha ushirika wa maziwa mfumo wa kuhesabu lita na kulipa wakulima. Niliujaribu kwa majina ya kwetu: Njiru, Nyaga, Ireri, Njeru. Ulitiririka kama maziwa yenyewe. Kisha tukavuka mto Thuci, tukapita Chuka na Nkubu, tukafika Meru, na mzee wa kwanza kwenye foleni jina lake likaanza na M'. Skrini ikaandika hitilafu 500, yaani seva imeanguka na haitaki kusema imejikwaa wapi.

Tazama ustadi wake. Katika SQL, lugha ya hifadhidata, jina hufungwa kati ya ritifaa mbili, kama mtoto kwenye kanga. Mpe seva jina kama M'Mwirichia: ikifika kwenye ile ritifaa ya katikati huamini jina limekwisha, mkulima anaitwa M. Yanayobaki huyachukua kuwa amri. Hutafuta namna ya kumwirichia mtu, haipati, hususa. Nani mwingine awezaye kuligeuza jina la mzee kuwa kitenzi?

Lakini fadhila yake kuu ni ukarimu. Nilimkinga kwa kumtangulizia mkwaju wa nyuma (\), nikasahau kwamba nilikuwa nimeshamkinga kwenye faili jingine. Basi mkwaju mmoja ukabaki ndani ya jina. Kesho yake karani akafungua ukurasa wa mzee kubadilisha namba ya simu, akauhifadhi, mikwaju ikawa 3. Mara ya tatu, 7. Mara ya nne, 15. Sacco yoyote kuanzia Runyenjes hadi Maua inionyeshe akiba inayozaana hivyo bila mwenyewe kuongeza hata shilingi! Mara ya sita ilikuwa 63, na jina nilikuwa nimelitengea nafasi ya herufi 50, kwa hiyo mzee akasukumwa nje ya jina lake, ikabaki M na mikwaju 49. Stakabadhi ikachapwa hivyo hivyo. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, nimekosa nini?"

Sifa nyingine nazitaja mbiombio. Humfungulia mwizi hifadhidata bila kumwomba kitambulisho. Kwenye simu hujipinda, na akitafutwa akiwa wima haonekani. Wala hawaogopi wakubwa: Jaji Kathurima M'Inoti wa Mahakama ya Rufaa anaye, Gavana Isaac Mutuma M'Ethingia wa Meru anaye. Sidhani kama wao huambiwa kuwa majina yao yana makosa.

Mzee aliambiwa. "Hako kadude kanaharibu mashine, mzee, tukatoe tu." Kadude! Jina la baba yake, lililokuwepo kabla ya mashine, kabla ya ofisi, kabla ya lami. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza, maana kufuta ritifaa kulichukua sekunde moja, na kurekebisha mfumo kungechukua siku mbili ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuzilipia. Dawa yenyewe si siri. Unatuma amri kivyake na jina kivyake, seva isipate nafasi ya kuvichanganya. Lugha ya PHP niliyoitumia ina PDO, chombo cha kazi hiyo hiyo, tangu 2005. Mkubwa aliyeupokea mfumo alikagua nembo, akarudi akakagua rangi ya nembo, akatia sahihi.

Mwisho wa mwezi benki ikarudisha pesa za maziwa. Kitambulisho kina ritifaa, orodha yetu haina. Nani akapanda matatu? Mzee. Nani akatoa pesa mfukoni, akaenda kwa wakili kuapa, kwa mujibu wa Sheria ya Viapo, Sura ya 15, kwamba mwenye ritifaa na asiye na ritifaa ni mtu mmoja? Mzee. Sisi tulioligawa jina hatukuombwa kuapa chochote.

Nilipoiona ile hati ya kiapo nilikesha nikiirekebisha sehemu ya jina. Asubuhi karani akaipokea hati, akausifia muhuri wake, akaanza kuinakili neno kwa neno kwenye sehemu ya maelezo, majina yote mawili, ritifaa mahali pake, kama sheria inavyotaka. Mzee akasogeza kiti aone. Karani akabonyeza Hifadhi.

Hitilafu 500.