Kanuni Tatu za Kuingia Vitabuni

Mabibi na mabwana, wasomi wenzangu, pamoja nanyi mlioingia mkidhani ukumbi huu una harusi: karibuni, kaeni, na simu zizimwe. Anayewahutubia ni bingwa pekee wa Elimu ya Rekodi za Besiboli, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana mtu mwenye hadhi ya kunitunuku. Kuna aliyenong'ona kwamba sijawahi kushika gongo. Kweli. Na yule daktari mwanamume anayewazalisha wake zenu, yeye amejifungua mara ngapi?

Kanuni ya Kwanza: atakaye rekodi na aharibu kwa wingi. Cy Young alirusha mpira katika ligi kuu za Marekani tangu 1890 hadi 1911, akashinda mechi 511. Wasiosoma huishia hapo, wakapiga makofi. Mimi hufunua ukurasa wa pili: ndiye pia mrushaji aliyepoteza mechi nyingi kuliko wote, zaidi ya 300. Adhabu yake ikawa nini? Tuzo ya mrushaji bora wa mwaka ikapewa jina lake! Nolan Ryan naye aliwaondoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu tatu, rekodi. Kisha akawapitisha wengine 2,795 waende kituo cha kwanza bure, rekodi vilevile. Rickey Henderson aliiba vituo 1,406 na kunaswa akiiba mara 335, na kote kuwili hana mpinzani. Nitajieni mwizi mwingine aliyekamatwa mara 335, halafu badala ya mahabusu akapelekwa kwenye Jumba la Mashujaa.

Kanuni ya Pili: sifa haimtafuti anayeistahili, humwangukia aliyepo. Mwaka 1954, akiwa Baltimore, Don Larsen alishinda mechi 3, akapoteza 21. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Oktoba 1956, akiichezea New York Yankees katika fainali za ubingwa dhidi ya Brooklyn Dodgers, alirusha mechi kamili: wapigaji 27 waliingia, 27 wakatoka, na hakuna aliyekanyaga hata kituo cha kwanza. Katika historia yote ya fainali hizo haijapatikana mechi kamili nyingine. Kisha Larsen akaendelea na maisha yake ya kawaida, na alipostaafu alikuwa na ushindi 81 na vipigo 91. Wataalamu wadogo huita hiyo bahati. Mimi huiita mahudhurio.

Kanuni ya Tatu, ambayo naomba muiandike kwa wino: ukamilifu na ushindi hawana undugu. Tarehe 26 Mei 1959, Harvey Haddix wa Pittsburgh aliwakabili Milwaukee akawaondoa wapigaji 36 mfululizo. Mechi huwa na vipindi 9. Yeye alikaa mkamilifu kwa vipindi 12, maana wenzake walikuwa wakipiga mipira bila kupata pointi hata moja. Kipindi cha 13 mwenzake mmoja akakosea, mlango ukafunguka, Milwaukee wakashinda 1–0. Mwaka 1991 kamati ikakaza masharti, na mechi hiyo ikafutwa hata kwenye orodha ya mechi ambazo wapigaji hawakufua dafu. Kamati hiyo haikuniita. Matunda yake mnayaona.

Sasa nilitaka kukaribisha maswali, ila naona mlango una shughuli nyingi kuliko mimi. Nilipoanza, wasikilizaji walikuwa 27. Hadi dakika hii wametoka wote 27, na hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza cha hoja yangu. Katibu, kabla nawe hujaondoka, andika kwenye kumbukumbu: mhadhara kamili.