Sifa za "Njoo Kesho"

Ubaya wa fundi cherehani umeshasemwa vya kutosha. Umesemwa kwenye daladala za Uyole, kwenye vikao vya harusi, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Naomba leo nisimame upande wa pili, nimsifu yeye na neno lake kuu, "njoo kesho". Wapo watakaosema nimehongwa suruali. Sijahongwa. Suruali yenyewe bado haijaisha.

Tuanze na daftari. Uwe Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, daftari la fundi ni lile lile: kaunta buku lililochanika gamba, limelala chini ya futi na chaki. Kila mteja ana ukurasa wake. Kifua 40, kiuno 34, nyonga 44, mkono, urefu, mchoro wa shingo uliochorwa kwa peni ya kuazima, na pembeni kipande kidogo cha kitenge kimebanwa kwa pini ili mali za watu zisije zikachanganyika. Mwili wako wote umo humo. Siku ya kuja kuchukua nguo haimo. Siku haiandikwi, inasemwa kwa mdomo: "Njoo Jumatano, jioni jioni hivi." Asiyejua mambo ataona uzembe, mimi naona unyenyekevu. Kiuno kinapimika kwa inchi, lakini Jumatano ni mali ya Mungu, na fundi si mtu wa kuandika mali ya mwingine kwenye daftari lake.

Ukishaondoka ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Kabla hujafika barabarani ameshatandika kitambaa chako mezani, amekipiga chaki na kukitia mkasi. Hakishoni. Anakikata tu, anakikunja, anakifunga kwa utepe wa kitambaa hicho hicho na kukisukuma chini ya meza kikae na wenzake. Huo ndio mkataba. Kitambaa kizima ungeweza kukidai ukakipeleka kwa jirani. Kilichokatwa hakina pa kwenda, maana fundi gani atakubali kumalizia mkasi wa mwenzake? Wasusi wa Kabwe nao wana kanuni hiyo hiyo. Jumamosi wateja wanne wameahidiwa saa tatu asubuhi, wote wanafika, na msusi hamvunji moyo hata mmoja: anamsuka wa kwanza mistari mitatu, anahamia kwa wa pili mistari mitatu, mpaka wote wanne wameshikika. Nani atathubutu kutoka, apite mbele ya vijana wa bodaboda, kichwa upande kimesukwa, upande kimesimama?

Watu wa benki wangefaa waje kujifunza hapa. Benki ikikukopesha, inataka dhamana kutoka kwako. Kwa fundi mambo yamegeuzwa kwa akili sana: wewe ndiye unayemkopesha, kwa jina la advansi, na dhamana unaiacha wewe pia, yaani kile kitenge kilichokatwa. Advansi yako haishoni gauni lako. Inanunua zipu na bitana ya mteja wa wiki iliyopita, inapunguza kodi ya fremu. La kwako litashonwa kwa advansi ya atakayekuja Ijumaa. Ndiyo maana fundi hawezi kumkataa mtu, na hapa sifanyi mzaha. Desemba kuna Krismasi, ndoa na vipaimara. Januari kuna sare za shule. Halafu zinaingia Februari na Machi, mvua inanyesha, fedha za watu zimelala shambani kwenye mbolea, mahindi hayajakauka, na cherehani inafunikwa shuka. Akipokea Desemba kazi anazoziweza tu, Machi atakula nini? Basi anazipokea zote, na "njoo kesho" inazisogeza taratibu mpaka wengine wanavaa Pasaka gauni walilopimiwa kwa ajili ya Krismasi.

Visingizio vyake navyo visidharauliwe, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini zimevijalia rutuba. Juni, baridi ya Mbeya hairuhusu vidole kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kwenye masika kijana wa kazi amekwama na mvua. Mwaka mzima kuna foleni ya malori yanayokwenda Tunduma, nayo humkuta fundi Mafiati tu, hata ukipiga simu ukasikia kuku wa nyumbani kwake wanawika. Juu ya vyote kuna umeme. Atakuambia umeme haukuwepo huku mguu wake umekanyaga pedeli ya cherehani ambayo haijaonja umeme tangu itoke kiwandani. Usimcheke; ovaloki inautaka, na pasi pia. Mwishoni mwa 2023, mgao ulipokuwa mkali nchi nzima, kisingizio hiki kilikuwa kweli tupu, na mafundi waliokuwa wamezoea kukitumia bila sababu walipata tabu kuaminiwa.

Iringa hasa haina haki ya kumlalamikia fundi, kwa kuwa ilishangojeshwa na wakubwa kuliko yeye. Mkataba wa Versailles wa Juni 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa, kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6 tangu mkataba uanze kufanya kazi. Palikuwa na mawakili, mihuri, marais na mawaziri wakuu, na muda umeandikwa kabisa. Fuvu lilikabidhiwa Kalenga Juni 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Miaka 35. Fundi wa Miyomboni hana muhuri wala wakili, hakuandika chochote, na bado sijasikia aliyemfikisha mtu hata robo ya muda huo.

Wageni hudhani kazi inafuata aliyetangulia kuleta kitambaa. Kazi inafuata benchi. Fundi hatazami daftari, anatazama nani amekaa mlangoni, na anayeshonewa ni yule ambaye magoti yake yanazuia njia. "Njoo kesho" kwa hiyo ni mwaliko, tena wa heshima: Iringa utapokelewa kwa "kamwene", Mbeya kwa "ugonile", utasogezewa nafasi, na utasikia nani kaposwa, mfuko wa mbolea umefika shilingi ngapi, na dereva yupi anashuka Kitonga kama anafukuzwa. Nimemwona mwalimu wa Kihesa amekaa hapo na rundo la madaftari ya darasa zima, anasahihisha kwa kalamu nyekundu, kosa baada ya kosa, bila kuinua uso. Hakusema neno kuhusu sketi yake. Fundi alivumilia madaftari machache tu, kisha akaivuta sketi kutoka chini ya meza na kuanza kuishona. Kwaya hazina bahati hiyo, kwa sababu kwaya haikai benchi moja. Ukiona Jumapili ya Pasaka waimbaji wa safu ya nyuma wameshika vitabu juu ya kifua kuliko kawaida, ujue vifungo havijafika.

Siku hizi vijana wanazungumzia programu za simu: unachagua saa, unathibitisha, ukichelewa unakatwa fedha. Sina ugomvi nazo. Ila tatizo ni letu wateja, kwani fundi anayemaliza nguo siku aliyoisema tunamtilia shaka mara moja. Huyu hana kazi, tunasema, na kitenge tunakipeleka kwa yule mwenye rundo chini ya meza.

Utaratibu huu unaonyesha uzuri wake wote wakati wa sendofu. Sherehe ni tarehe 20. Mteja anamjua fundi, kwa hiyo anamwambia ni tarehe 10. Fundi naye anamjua mteja, kwa hiyo anaongeza siku kumi kimoyomoyo, kisha anajibu, "Usijali dada yangu, njoo tarehe 9," ambayo dada anaisikia moja kwa moja kama 19. Hakuna aliyesema kweli na hakuna aliyedanganyika. Tarehe 19 usiku gauni linapigwa pasi, nyuzi bado zinaning'inia, na kesho yake ukumbi mzima unalipigia vigelegele.

Humharibikia mtu wa aina moja tu. Alikuja binti mmoja, mgeni mjini, akataja tarehe yake ya kweli, 20. Fundi akapiga hesabu kama kawaida na kuweka moyoni tarehe 30. Siku ya sherehe binti aliingia ukumbini na gauni la dada yake, limebanwa mgongoni kwa pini. La kwake lilikamilika tarehe 29, siku nzima kabla ya wakati, na fundi mpaka leo anashangaa kwa nini alikuja kulichukua amenuna.