Mkwaruzo Huu ni wa Nani? Mwongozo kwa Mwenye Hela ya Mjerumani

Kabla hujawasha tochi wala kuazima kioo cha sonara, jiulize: sarafu ni ya nani? Kama ni yako, kila mstari ulio juu yake ni alama ya kiwandani, adimu, na bei yake haitajwi kwenye simu. Kama ni ya mwenzako na wewe ndiye mnunuzi, hata taji la Kaisari ni mchubuko. Wengi huishia hapa na wanalala usingizi mzuri. Anayeutaka ukweli aendelee kusoma, kwa hasara yake.

Chukua hela 20 ya Tabora ya mwaka 1916. Nasema hela kwa maana yake ya kwanza, heller, mia kwa rupia moja, ile iliyotuachia jina na kuondoka na thamani. Vita vilipofunga bahari, sarafu za Berlin zenye herufi A na za Hamburg zenye J hazikufika tena. Wajerumani wakazifua wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, wakazitia herufi T. Karakana ya garimoshi si kiwanda cha sarafu, na haikujificha: taji ni kubwa kwenye hii, dogo kwenye ile, L za HELLER hapa zina ncha, pale zimejikunja. Ndiyo maana mwenye hela ya Tabora ana raha ambayo wenye sarafu nyingine hawana. Kila kilema anamsingizia fundi wa reli.

Sasa kazi yenyewe. Kalibu, yaani chuma kinachoipiga sarafu chapa, ni kinyume cha sarafu: kilichozama kwenye kalibu huinuka kwenye sarafu. Kalibu ikipata ufa, shaba hujaa ndani ya ufa huo wakati wa kupigwa, na sarafu hutoka na mstari uliotuna kama mshipa kwenye mkono wa mzee. Mkwaruzo wa mtaani, wa msumari au wa funguo, huchimba. Haunyanyui chochote ila kingo zake mbili, kama udongo uliotupwa kando ya mtaro.

Ungedhani tumemaliza. Bahati mbaya, chini ya kioo cha kukuzia tuta na mtaro hubadilishana zamu: unapepesa jicho, mshipa umekuwa shimo. Dawa ni taa. Iweke chini, upande mmoja, tuseme kushoto, na ukumbuke umeiweka wapi. Tuta hung'aa ubavu unaoitazama taa. Mtaro hung'aa ukuta wake wa mbali. Wauzaji wazoefu hupendelea taa iliyo juu ya kichwa, au umeme ukatike kabisa.

Ipo pia mistari myembamba inayotokana na kalibu kusuguliwa. Kwenye sarafu nayo huwa imeinuka, lakini ina adabu: hukaa kwenye uwanja mtupu, ikifika kwenye herufi hukoma, kwa kuwa herufi za kalibu ni mashimo na msasa haukuingia humo. Mkwaruzo haujui adabu hiyo. Hupanda herufi, hushuka, hukata taji na kuendelea na safari kama bodaboda kwenye taa nyekundu. Ubishi ukizidi, tafuta pacha wake: sarafu mbili za kalibu moja zitakuwa na ufa ule ule mahali pale pale. Tatizo ni kwamba mwenye pacha naye ana mkwaruzo wake wa kutetea.

Jihadhari na kusoma herufi. Shilingi za zamani za Afrika Mashariki, zile za simba, nyingine zina herufi halali: H au KN za viwanda vya Birmingham, I ya Bombay, SA ya Pretoria. Lakini mikwaruzo miwili iliyosimama na mmoja uliolala ni H ya mtu anayedaiwa ada ya shule. Na ukikuta J kwenye shilingi ya mwenge ya 1966, ni msumari, hata kama upande wa pili yuko Mwalimu Julius.

Haya yote nilimweleza mjomba wangu alipokuja na hela yake ya Tabora kwenye leso. Alisikiliza kwa heshima, akaniruhusu nishike tochi. Mstari mkuu ulikata taji, ukapita juu ya herufi, ukatokea ukingoni. Pembeni yake kulikuwa na mikwaruzo mingine kama mia, yote imelala upande mmoja, myembamba, mipya.

"Mjomba," nikamwuliza, "hii mingine imetoka wapi?"

"Hiyo si kitu, mwanangu. Jana usiku niliisugua kwa majivu na ndimu, ili ile alama ya kiwandani ionekane vizuri."