Shajara ya Dawati la Habari

Jumatatu
Mhariri anataka habari ya mbolea ya ruzuku kabla ya saa kumi jioni. Nimefungua tovuti ya taasisi husika kwa simu, kwa kuwa umeme wa ofisini umekatika. Picha kubwa: mkurugenzi anakata utepe. Picha inateleza, inaingia nyingine: mkurugenzi anapanda mti. Inateleza tena: mkurugenzi anakabidhiwa ngao. Sura yake sasa naijua kutoka pande zote. Jina lake halijaandikwa popote. Chini kuna dira, dhima na maadili ya msingi, ambayo ni uwazi, uwajibikaji na uwazi. Bei ya mbolea haipo. Bando limeisha kabla mti haujamwagiliwa.

Jumanne
Kitufe cha "Wasiliana Nasi" kinafungua fomu. Jina, barua pepe, mada, ujumbe usiozidi herufi 200. Kabla ya kutuma, nithibitishe kwamba mimi si roboti, kwa kuchagua picha zenye mabomba ya zimamoto, yale mafupi mekundu ya kando ya barabara za Marekani. Nimezaliwa Temeke. Nimebahatisha, nikaambiwa nijaribu tena, nikabahatisha tena. Jibu limekuja papo hapo: "Asante kwa maoni yako. Tutakujibu ndani ya siku saba za kazi." Gazeti linaingia mtamboni usiku huu. Hata hivyo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa hadi siku 30, kwa hiyo siku saba ni ukarimu.

Jumatano
Namba ya simu imepatikana. Iko mwisho kabisa wa ukurasa, kijivu juu ya kijivu. Nimepiga. Amepokea mama mmoja mtu mzima.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa mbolea?"
"Ndiyo, natoka gazetini."
"Laini hii niliinunua mwaka juzi kwa wakala. Wenyewe walishahamia Dodoma. Kila anayepiga namweleza."
Nimemwuliza kama anayo namba yao mpya.
"Ukiipata na mimi unitumie, niwaelekeze wenzako."
Mpaka sasa huyu ndiye msemaji wao pekee ninayemfahamu, na anapokea simu vizuri.

Alhamisi
Dawati la picha linataka picha ya ghala la mbolea. Kwenye tovuti ipo moja, yenye upana wa pikseli 300. Gazeti letu huchapa nukta 300 kwa inchi, maana yake ghala zima litakuwa na upana wa inchi moja. Msanifu kurasa ameitazama kwa muda mrefu. "Kaka," akasema, "tuiweke kwenye fumbo la maneno."

Ijumaa
Ukurasa wa "Taarifa kwa Vyombo vya Habari" unafunguka. Taarifa ya juu kabisa inasema waziri alizindua msimu wa usambazaji jana. Tarehe haipo, wala mwaka. Nimetafuta kwenye kumbukumbu zetu: waziri anayetajwa ana mrithi, na mrithi naye ana mrithi.

Jedwali la bei limeambatishwa. Ni karatasi iliyopigwa picha ikiwa imelala upande, muhuri umekaa juu ya tarakimu. Mfuko wa kilo 50 wa urea unauzwa kwa bei ya 3 au ya 8. Elfu ngapi, muhuri ndio unajua. Nimegeuza simu, jedwali nalo likageuka.

Mtaalamu wa tovuti, Jakob Nielsen, alishayaandika haya mwaka 2001 baada ya kuwatazama waandishi wakitumia tovuti za kampuni. Jambo la kwanza kwenye orodha ya wanachotafuta lilikuwa jina na namba ya simu ya msemaji. Kukata utepe hakukuwemo.

Jumamosi
Muuza pembejeo wa Morogoro ana ukurasa mmoja wenye herufi nyekundu juu ya njano. Unaumiza macho. Namba ya simu imejaza nusu ya skrini. Amepokea kwenye mlio wa pili, akanitajia bei ya mbolea za urea na DAP, akanitumia picha ya ghala lake kwa WhatsApp, kubwa na yenye mwanga. Kesho yuko ukurasa wa mbele, safu nne. Taasisi iko aya ya mwisho: juhudi za kuipata hazikuzaa matunda.

Jumatatu
Barua ya malalamiko imefika. Gazeti limeegemea upande mmoja na halikuitafuta taasisi. Kwa ufafanuzi zaidi tupige namba iliyo juu ya barua. Ni ya yule mama.

Basi, afisa habari unayesoma hapa: chukua simu ya kawaida, weka bando la siku, fungua tovuti ya ofisi yako, utafute namba ya msemaji. Ukiipata, ipige.