Chai ya Kupunguza Kitambi

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo hurudi na habari za kontena, forodha na bei ya dola. Habari za tumbo husimuliwa kwa kunong'ona, ndiyo maana huenea haraka zaidi.

Mmoja wao, bwana mwenye kitambi cha heshima, alinunua huko boksi la chai ya kupunguza unene. Maandishi yote ya Kichina. Alichoelewa ni picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Usiku akanywa vikombe viwili, akasubiri. Kimya. Akaona ameuziwa maji ya moto, akaongeza cha tatu, akalala.

Chai za aina hiyo mara nyingi hutiwa majani ya sena, yaani sanamaki ileile ambayo bibi yake wa Tanga alimnywesha utotoni huku amembana pua. Hata asili yake si China. Ilifika huko kutoka nje, na Arabuni na India ndiko inakojulikana zaidi. Nayo haina papara. Hupita tumboni imelala hadi utumbo mpana, bakteria wa huko waivunje, ndipo kazi ianze. Huchukua saa 6 hadi 12. Kikombe cha tatu alijitakia mwenyewe.

Asubuhi ikamkuta kwenye treni ya chini ya ardhi, amebanwa kati ya watu. Akashuka kituo kisicho chake, akaenda kwa vihatua vifupi kama bibi harusi. Choo cha kuchuchumaa hakikumsumbua, amekulia hicho. Lakini vyoo vingi vya umma China havina karatasi ndani. Ikiwapo, hutundikwa karibu na mlango wa kuingilia, mtu ajikatie mapema. Kopo la maji, usiulize. Ankara ya makatoni ya viatu ikafanya kazi isiyoandikiwa.

Na hiyo ni sena tu. Uko mzizi wa da huang, nao wa kuendesha tumbo, ambao waganga wa China huuita jemadari. Mwaka 1839 Lin Zexu, ofisa aliyetumwa Guangzhou hiyohiyo kupiga vita kasumba, alimwandikia Malkia Victoria kwamba wageni hawawezi kuishi hata siku moja bila chai na mzizi huo. Mwaka uliofuata manowari za Kiingereza zikafika, matumbo ya mabaharia yakiwa salama salimini.

Kitambi cha bwana yule? Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kabla sena haijaamka. Kinachopungua kwenye mizani ni maji, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Mwenye boksi kama hilo kabatini amwoneshe mfamasia kwanza, na asinywe zaidi ya wiki moja bila kumwona daktari.