Bisibisi Inayokaribia Kufaa

Jumapili ile nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, iligawanyika makundi mawili: waliotaka droni ya mdogo wangu ipelekwe kwa fundi, na waliotaka ifunguliwe palepale, juu ya meza ya kulia. Siku iliyotangulia ilikuwa ikipiga picha harusi ya binamu yetu, kusi likaisukuma, ikaparamia mnazi na kuanguka mchangani. Mota zote nne zilizunguka vizuri, lakini kamera ilikuwa inaning'inia kwa waya wake bapa. Na Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi nyingine, ambayo mdogo wangu alikwisha kupokea malipo yake ya awali. Kundi la meza likashinda.

Kila mtu akaleta alichonacho. Mama alichungulia droo ya jikoni, akakitazama kisu cha mboga, akakirudisha. Dada alileta gundi ya papo hapo. Mtoto wake akaja na chupa ya spiriti kutoka kabati la dawa. Shemeji alifungua mkoba wake wa bisibisi, zilezile alizotengenezea redio na feni zetu zote, akachagua bisibisi ya nyota iliyo ndogo kuliko zote.

Kisu hakikuharibu kitu, kwa sababu kila mtu aliona hakifai. Bisibisi ile ndiyo iliyoharibu. Ilikuwa ya saizi PH0, na skrubu ile ilitaka PH00, saizi moja chini. Iliingia juujuu, ikashika robo mzunguko, ikateleza. Shemeji akakaza mkono, ikateleza tena. Ile nyota kichwani mwa skrubu ikasagika, likabaki shimo karibu la mviringo.

"Acha, baba," Babu akasema kutoka kitini kwake. "Anayetumia nguvu nyingi ni yule asiye na bisibisi yake."

Babu alikuwa fundi saa mjini hapa tangu kabla wazazi wetu hawajaoana, na katika nyumba hii neno lake kuhusu vitu vidogo ndilo la mwisho. Alisogea mezani, lakini hakuanza na skrubu.

"Betri iko wapi?"

Betri ilikuwa bado imo ndani. Zile za lithiamu polima hubeba takribani volti 3.7 kwa kila seli, 4.2 zikijaa, na ncha ya chuma ikiitoboa seli, betri inaweza kuwaka moto. Mdogo wangu akaichomoa, akaiweka mbali, juu ya sakafu.

Ndipo Babu akatueleza. Nyota ya kawaida, ambayo Mmarekani Henry Phillips alipata hataza zake mwaka 1936, ina kuta zilizolala. Ukizungusha kwa nguvu, ncha hupanda kuta hizo na kutoka nje. Kwa hiyo ncha lazima ijae shimo lake, na mkono ushindilie kuelekea chini zaidi ya unavyozungusha. Tena iko nyota ya vipimo vya Kijapani, JIS, inayofanana nayo kwa macho lakini umbo lake ni jingine, na bisibisi ya Phillips haifiki chini ya shimo lake. Isitoshe, mashine inayotetemeka kama droni hufungwa skrubu zake kwa tone la gundi maalumu zisilegee zenyewe. Gundi hiyo hulainika kwa joto. Mdogo wangu akagusisha ncha ya moto ya chuma cha kulehemu kwenye kichwa cha skrubu kwa sekunde chache, kisha Babu akachukua bisibisi bapa ya saa, akaitega katika pembe mbili za nyota zilizosalia, akashindilia. Skrubu ikatoka.

Hakuna aliyegusa ya pili. Kesho yake mdogo wangu alikwenda mjini kwa mafundi simu, akarudi na PH00 ya chuma kigumu na chupa ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwa ajili ya kusafishia. Spiriti ya kabatini ilikuwa ya asilimia 70. Hiyo ni nzuri kwa kuua vijidudu, lakini sehemu yake iliyobaki ni maji, na maji hukawia kukauka katikati ya pini za umeme. Gundi ya dada nayo ilikataliwa: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo, na lenzi ilikuwa pale pale. Badala yake tulipata gundi ya skrubu ya rangi ya bluu, ile inayokubali kufunguliwa tena, si nyekundu inayodai moto mkali.

Kibano kilitoka kwa Babu. Mota za gimbali, mtambo unaoituliza kamera, zina sumaku kali, na kibano cha chuma huvutwa kuzielekea, kikaweza kuchana waya. Mafundi saa wanaijua hatari hiyo, kwani saa ikishikwa na sumaku, springi yake nyembamba hujigusa na saa ikaenda mbio. Cha Babu kilikuwa cha shaba nyeupe. Na kile kifungio kidogo cha plastiki kinachobana waya bapa, Mama alikiinua kwa kijiti cha mshikaki alichokinoa mwenyewe. Hakipitishi umeme wala hakikwaruzi. Jikoni kumbe kulikuwa na zana sahihi tangu mwanzo.

Kamera iliporudi mahali pake, upeo wa bahari ulionekana umeinama. Babu akaagiza pimamaji, na kweli, meza yetu ndiyo iliyoinama. Urekebishaji wa gimbali ukarudiwa juu ya sakafu, na upeo ukanyooka. Jumamosi droni ikaruka.

Shemeji amekwisha kuuliza bei ya mkoba wa vipande hamsini. Ushauri wetu kwake, na kwa yeyote anayetaka kujitengenezea droni, ni huu: anza na bisibisi nne za chuma kigumu, kila moja ya saizi yake kamili, pamoja na kibano kisichovutwa na sumaku. Ule mkoba wa hamsini wa chuma laini utakupa bisibisi arobaini na kitu zinazokaribia kufaa, na hizo ndizo zinazosaga skrubu.