Mheshimiwa Kiwewe

Ujasiri umeimbiwa vya kutosha. Simba wamechorwa kwenye nembo, majemadari wamesimamishiwa sanamu, na kila anayefungua semina anatuasa tujiamini. Kiwewe hajawekewa hata kibao cha mtaa. Naye ndiye mtumishi wa siku zote: swali la ghafla likigonga, yeye hufika wa kwanza, kabla ya jibu, kabla ya akili, wakati mwingine kabla swali lenyewe halijaisha. Malipo yake ni kufukuzwa kwa maji baridi na ubani wa kutafuna. Leo namsimamia mimi. Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu cha kuusifu upumbavu mwaka 1511, nacho kikasomwa Ulaya nzima. Kiwewe ana hadhi kuliko upumbavu, maana mpumbavu hababaiki.

Kwanza, ni mwepesi wa hesabu. Juni mwaka 2014 maelfu ya vijana walijaa majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwenye usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Katika umati ule, aliyetulia kabisa ni yule ambaye hakuangalia kushoto wala kulia. Na ukipenya mchujo wa maandishi ukaitwa mbele ya jopo, hesabu inazidi kukaza: watu watano upande ule wa meza, wewe peke yako upande huu, na katikati chupa ya maji ambayo hujui kama ni yako. “Hebu tueleze kwa kifupi, wewe ni nani?” Jina ulilolitaja tangu chekechea linaota mbawa. Watu husema Kiwewe amekuharibia. Amekuharibia nini? Amekuambia ukweli ambao wote waliokusindikiza asubuhi waliuficha, kwamba kodi ya nyumba ya mwaka mzima iko mikononi mwa mtu anayeangalia saa.

Tazama na anavyochapa kazi. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, mate yanakauka, viganja vinalowa, kijasho chembamba kinashuka mgongoni. Tumbo linaweka kando kazi ya kusaga chakula, na hapo ndipo yanapopatikana yale matumbo joto ambayo magazeti ya michezo humgawia kocha kila inapokaribia mechi ya Simba na Yanga. Damu inapelekwa kwenye misuli ya miguu, kwa sababu mwili umeshakata shauri: tunakimbia. Ni kweli afisa utumishi si chui, lakini mwili haukuonyeshwa muundo wa taasisi. Mwenzako amejiandaa kukuokoa na mauti, wewe unamnunia kwa kukusahaulisha mwaka uliohitimu! Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba waliojiambia wana hamasa, kabla ya kuhutubia au kufanya hesabu, walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Ninavyomwelewa mimi, Kiwewe hataki kufukuzwa. Anataka apangiwe kazi.

Nasaba yake ni tukufu. Musa alipoagizwa aende kwa Firauni, hakupiga saluti. Aliomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe, kisha akaomba apewe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa na ulimi fasaha. Dua ile iliyomo katika Surat Taha ndiyo wanayoinong’ona watoto wa madrasa wakisubiri zamu yao mbele ya mgeni rasmi, na wengine wanaendelea kuinong’ona ukubwani, tai shingoni, kwenye benchi la nje ya chumba cha usaili. Wakristo nao wanamjua Musa huyo huyo katika kitabu cha Kutoka, mtu mzito wa kusema. Sasa ikiwa kazi nzito kiasi kile alipewa mtu aliyeomba wa kumsaidia kuongea, sisi wa Afisa Ugavi Daraja la Pili ni nani hata tusibabaike?

Wazee wa pwani waliliona hilo mapema, wala hawakumtuma kijana mwenyewe akapose. Walijua kwamba anayetaka mke, akiulizwa na baba wa binti anafanya kazi gani, anaweza kuitaja kazi ya jirani. Ikawekwa ofisi ya mshenga: mtu mzima, mwenye maneno yake, asiyeoa siku hiyo. Anaulizwa ukoo, anajibu. Anaulizwa mahari, anajibu, anapunguza na mzaha kidogo, anapokea kahawa. Jamii nzima ilipanga desturi zake kumzunguka Kiwewe, kama kijiji kinavyojengwa kuuzunguka mbuyu bila mtu kufikiria kuukata.

Watoto nao wakatungiwa sheria yao. Kitendawili! Tega! Ukishindwa kutegua, hakuna anayekuandikia sifuri kwa wino mwekundu. Unaombwa mji. Unautoa ule ulio karibu na ulimi, Tanga au Bagamoyo au Mombasa. Aliyetega anaupokea, anajigamba kidogo alivyofika huko na vinono alivyokula, kisha anakupa jibu bure. Sijaona mtihani wenye utu kama huo. Laiti majopo yetu yangepokea miji! “Taja kanuni za ununuzi wa umma.” “Nawapa Morogoro.” Mwenyekiti anaipokea Morogoro pamoja na milima yake ya Uluguru, anaisifia mboga yake, kisha anamweleza msailiwa kanuni moja baada ya nyingine. Kijana anatoka hana kazi, lakini anazijua kanuni. Siku hizi anatoka hana vyote viwili.

Hata hivyo, jumba lake kubwa liko Dodoma. Swali la msingi hufika wizarani kwa maandishi, waziri akasimama kusoma jibu lililoandaliwa na wataalamu, kila mtu raha mustarehe. Kisha linakuja swali la nyongeza, na hapo Mheshimiwa Kiwewe anaingia ukumbini bila kusindikizwa na mpambe. Sikiliza lugha inayozaliwa. Mheshimiwa Spika, nakushukuru. Mheshimiwa Spika, awali ya yote nimpongeze sana Mheshimiwa Mbunge kwa namna anavyowapigania wananchi wa jimbo lake. Mheshimiwa Spika... Hiyo ni pumzi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwenye takwimu ameshapata muda wa kuandika kikaratasi. Halafu inafuata familia nzima: upembuzi yakinifu unaendelea, mchakato uko katika hatua za mwisho, kadiri fedha zitakavyopatikana, na baada ya kikao hiki niko tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge tukajionee wenyewe. Fikiria hasara ambayo tungeipata bila Kiwewe. Waziri angesema hajui, akakaa. Wakalimani wangekosa kazi, na kumbukumbu za Bunge zingekuwa nyembamba kama daftari la mtoro.

Wakenya wamemwendea mbali zaidi, wamempa televisheni. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, waombaji wa kiti cha Jaji Mkuu huhojiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, na mwaka 2021 watu walikaa sebuleni wakiwatazama majaji, mawakili na maprofesa wakisukumiwa maswali saa baada ya saa, hadi alipopatikana Martha Koome. Watu waliozoea kuuliza wakawa wanaulizwa. Kwa Kiwewe hiyo ni sikukuu. Ila kisa ninachokipenda ni cha mwaka 2011. Willy Mutunga, mwanasheria wa miaka mingi aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa msimamo wake, aliulizwa kuhusu hereni aliyovaa sikioni. Umekesha na katiba, umekesha na kesi za Jumuiya ya Madola, unaulizwa hereni! Akaeleza kwamba haitoki, na Jaji Mkuu akawa. Swali la namna hiyo halina notsi, na mbele yake aliyekariri na asiyekariri wanakuwa sawa. Nani mwingine, kama si Kiwewe, anatupa usawa wa hivyo?

Maadui zake nawafahamu. Yupo yule asiyebabaika abadani. Umuulize bei ya nyanya, umuulize chanzo cha Vita Kuu ya Pili, jibu linatoka papo hapo limepigwa pasi. Amewasili jana kutoka Songea, lakini muulize njia ya Kariakoo uone: atakupeleka mpaka Mbagala kwa uhakika mkubwa. Dalali wa viwanja hababaiki. Hati iko wapi? “Ipo bosi, inafuatiliwa ardhi.” Tapeli wa simu hababaiki, na ukimbana sana anakukasirikia wewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2012 matokeo yanayoonyesha kwamba anayeona haya mbele za watu huaminiwa zaidi na wanaomtazama. Akina mama wakwe hawakusubiri uchapishaji huo. Kijana akijibu upesi mno habari za kipato chake, wao humwangalia viatu.

Lawama, kama zipo, ziende kwa wauliza maswali wasiomkaribisha mgeni. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Kimarekani aliyesikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi madarasani, aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja, kisha anamrukia mwanafunzi mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wale waliokuwa kimya muhula mzima wakaanza kusema. Sekunde tatu ni muda wa kumeza mate! Sisi tulikulia kwenye “Wewe, hapo nyuma, simama! Nimesema nini?” na kabla magoti hayajanyooka, “Kaa chini, zumbukuku. Jirani yake!” Kiwewe alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni.

Wanaomjua vizuri humpokea kwa adabu. Wanalirudia swali kwa sauti, polepole, kama wanalionea huruma. Wanapiga funda moja la maji. Wanauliza, “Unamaanisha kwa mwaka huu, au kwa ujumla?” Wakibanwa kabisa wanasema hilo silifahamu, ila ningelitafuta kwa njia hii na hii, na ajabu ni kwamba paa la chumba halianguki. Hakuna hata moja kati ya mbinu hizo inayomtoa nje Kiwewe. Zote ni za kumvutia kiti akae, apoe, aache kuzunguka-zunguka chumbani.

Akishakaa, huanza kutazama upande wa pili. Mwishoni mwa usaili mwenyekiti hufunga faili na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwishamaliza kazi, “Je, una swali lolote kwetu?” Inatarajiwa useme huna, ushukuru, utoke ukiinamisha kichwa. Basi wewe uliza: aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu, aliondoka kwa sababu gani? Mwenyekiti atamtazama afisa utumishi. Afisa utumishi atamtazama mjumbe wa mwisho, ambaye ghafla ameona jambo la maana sana kwenye karatasi zake. Mtu atakohoa. Kisha mwenyekiti atasogeza kiti mbele, atafungua tena lile faili lisilo na jibu, na kusema, “Awali ya yote nikupongeze kwa swali lako zuri.”